Kiti cha Nyuma cha Ndege ya Njano

Kila asubuhi, kabla hajagusa chai, Yuditha hutoka nje na kikombe kitupu mkononi, hupita katikati ya migomba hadi mwisho wa kihamba, shamba lake la nyumbani, pale ardhi inapoporomoka kuelekea mjini, husimama na kufumba macho. Mgeni anaweza kudhani anasali. Anasikiliza. Ndege ya kwanza ya Dar inapoanza kuunguruma huko chini, kabla haijachomoza kwenye ukungu, yeye huwa ameshaitaja. "Pangaboi," atasema, maana ndivyo anavyoziita zile zenye mapanga makubwa yanayozunguka mbele ya mabawa. Au atasema, "Leo wameleta ya jeti." Halafu hufumbua macho ahakikishe. Akiwa amepatia, na aghalabu hupatia, hurudi ndani kumimina chai akiwa na uso wa mtu aliyefunga bao.

Stella, binti wa kaka yake, alihamia kwake alipomaliza chuo na kupata nafasi ya kujitolea kufundisha katika sekondari moja huko huko Old Moshi. Alikuwa msichana wa vitabu, mwenye maneno machache, na hilo lilimfaa shangazi yake, ambaye hakupenda kuongeleshwa wakati anga lina kitu. Wiki ya kwanza tu Stella alidhani amempatia zawadi. Aliweka kwenye simu ile programu inayoonyesha kila ndege iliyo hewani, ilikotoka, inakokwenda, hata aina yake.

Yuditha aliinama juu ya simu, akakitazama kile kialama cha njano kikijikokota juu ya ramani.

"Hebu ifunge, mwanangu," alisema. "Mtu akishaambiwa, anasikiliza nini tena?"

Majirani walikuwa wamemzoea. Gladys, wa ng'ambo ya ua, ndiye aliyekuwa hachoki. "Yuditha, siku ukifa tutakuzika kwenye njia ya kurukia ndege!"

"Mnizike," Yuditha angejibu, "mradi nyasi ziwe zimekatwa."

Alizaliwa hapo hapo, katika nyumba ya Kilutheri yenye watoto wengi na kahawa nyingi. Kahawa ilipokosa bei, baba yake aling'oa miti mingi, na binti akapelekwa kwa akina mama wa kanisa kujifunza cherehani. Hakuolewa. Alichumbiwa mara moja, na hilo halizungumzwi. Kaka zake walipogawana kihamba walimwachia kipande cha chini kabisa, ambacho wao walikiona kibaya kwa kuwa kimeinama na hakina mti wa kuzuia upepo. Yeye alikiona kina anga. Aliishi kwa kushona sare za shule na kwa maziwa ya ng'ombe mmoja wa zizini, aliyempa jina la Dakota, kwa heshima ya ndege ya zamani aliyoiona utotoni kwenye kalenda.

Huyo Dakota ndiye aliyemkutanisha na Primus.

Ng'ombe wa mlimani halishwi kwa kuachiwa. Majani huteremkiwa porini, yakapandishwa kwa mzigo. Na majani mazuri kuliko yote yalikuwa kwenye kiwanja kidogo cha ndege kule tambarare, upande wa kuelekea Kahe, kilichobaki tangu enzi za mashamba ya mkonge. Siku hizi kilitumiwa na kikundi cha wapenda ndege wa Moshi na Arusha, watu waliokutana Jumamosi kutazama ndege, kuzipiga picha na kuzibishania. Nyasi zikirefuka, ndege haitui. Primus, mlinzi wa kiwanja, alitaka zikatwe. Yuditha alizitaka zilizokatwa. Wakaelewana siku ile ile ya kwanza, na wakaanza kubishana siku ile ile ya kwanza.

"Fundi, umechelewa," Primus angesema. "Karavani imeshapita."

"Mangi," Yuditha angejibu, akimwita chifu kwa utani, "ile haikuwa Karavani. Ile ilikuwa Sesna ndogo. Karavani inafoka, ile ilikuwa inalia."

"Unabishana na mimi niliyeiona kwa macho?"

"Uliiona ukiwa umelala."

Primus alikuwa mtu wa Kirua Vunjo, Mkatoliki, mwenye mke na watoto wakubwa, mwenye kofia nyekundu ya sufu aliyoivaa kiangazi na masika. Watu walisema juu yake na Yuditha, kisha wakachoka kusema, kwa sababu hapakuwa na cha kusema. Primus alimchomea ndizi, naye Yuditha alimletea maziwa. Wakikaa juu ya mzigo wa nyasi, wote wawili shingo juu, walikuwa kama watoto walioachiwa dirisha moja. Yuditha hakuwa na mtu mwingine wa namna hiyo duniani. Hata Stella, aliyempenda, alizitazama ndege kwa adabu tu.

Kwenye banda la bati mwisho wa kiwanja kulikuwa na ndege moja ambayo haikuruka. Ilikuwa Piper ndogo ya miaka ya sitini, ya njano, yenye viti viwili tu: cha mbele cha rubani, cha nyuma cha abiria. Mwili wake ulikuwa mabomba membamba yaliyovikwa kitambaa, na panya walikuwa wameshakila kitambaa hicho, nyuki wakaingia kwenye bawa. Primus aliilinda kama mzazi wake. Yuditha, kila alipomaliza kukata majani, aliingia bandani akaipapasa puani kabla ya kujitwisha mzigo.

Kisha wale wa kikundi wakaamua kuifufua. Kazi alipewa Jesse, kijana wa Arusha, rubani na fundi mwenye leseni. Alipofika kwenye mabawa, alimuuliza Primus kama anamjua mtu mwenye mkono uliotulia, maana kitambaa kipya hukazwa kwa pasi ya moto, kisha hushonwa kwa mkono kwenye mbavu za bawa, fundo baada ya fundo.

"Ninaye," Primus alisema, akamwonyesha mwanamke aliyekuwa anafunga nyasi nje. "Huyo hapo anashona sare za nusu ya watoto wa mlimani."

Ndivyo Yuditha alivyoanza kushuka kila Jumamosi bila mundu, na Stella akawa anafuatana naye, anakaa juu ya ndoo iliyogeuzwa na kitabu chake. Bawa lilisimamishwa wima kama ukuta. Yuditha alikaa upande huu, Primus upande ule, hawaonani. Sindano ndefu ilipenya kutoka kwake ikatokea kwa mwenzake, mwenzake akairudisha, naye akakaza fundo. Jesse alikagua kila fundo kwa tochi. Yasiyomridhisha aliyakata, na Yuditha aliyashona upya bila kununa.

"Nyie Wakatoliki mmezoea," Stella alimsikia shangazi yake akisema siku moja. "Si ndivyo mnavyoongea na padri? Yeye huku, wewe kule."

"Basi ungama, Mlutheri," sauti ya Primus ikajibu nyuma ya bawa. "Nakusikiliza."

Yuditha alicheka. Halafu sauti zao zikashuka, upepo ukagonga bati, na Stella akarudi kwenye ukurasa wake. Sindano iliendelea kwenda na kurudi.

Bawa la pili lilipokamilika na rangi ya njano kukauka, wote walijua ndege haitabaki. Ilikuwa imeshapata mwenyewe mpya, Mkenya, na Jesse ndiye angeirusha hadi huko. Aliijaribu peke yake siku kadhaa, ikaruka vizuri. Jumamosi moja akawakusanya watu mbele ya banda.

"Jumamosi ijayo naondoka nayo," alisema. "Lakini kwanza nitazunguka nayo mara moja, hadi Old Moshi na kurudi, na abiria mmoja. Na kiti cha nyuma kina mtu wake. Ni cha mama aliyeshona mabawa."

Watu walipiga makofi. Primus alipiga kuliko wote, akaongeza na mluzi. Yuditha alifunika uso kwa kanga, mabega yakimtikisika, na hakuna aliyejua kama ni kicheko au kilio.

Stella hakuwa amewahi kumwona shangazi yake kama alivyokuwa wiki ile. Alitumia vipande vilivyobaki vya kaki za sare kujishonea koti lenye kola ndefu, kwa sababu alisikia kule juu kuna baridi. Alimwambia Dakota wakati wa kumkamua. Alimwambia mchungaji. Gladys akamfuata hadi zizini.

"Na wewe huogopi?"

"Niogope nini? Bawa nimelishona mwenyewe. Uogope wewe, maana nikipita hapa juu nitadondosha kiatu kwenye bati lako."

"Udondoshe vyote viwili basi, nipate jozi!"

Jumamosi ilipofika, walishuka kwa bodaboda hadi barabara ya vumbi ilipoishia, wakatembea kando ya mfereji katikati ya mahindi. Waliambiwa wafike saa tatu. Walikuwa wamewahi mno, na Stella alibeba chupa ya chai ya maziwa kwa ajili ya Jesse na Primus. Yuditha alikuwa mbele na koti lake jipya, limefungwa vifungo vyote ingawa jua la tambarare lilikuwa limeshaanza kuuma.

Ghafla alisimama. Akafumba macho.

"Ni yenyewe," alisema. "Jesse anaipasha moto."

Lakini ule mlio haukubaki pale ulipokuwa. Ulipanda, ukaja, na ndege ya njano ikainuka juu ya mahindi, chini chini, karibu kabisa, jua likiangaza ndani ya kitambaa cha mabawa hadi mbavu zikaonekana moja moja. Ilipita juu ya vichwa vyao. Dirisha la nyuma lilikuwa wazi. Mkono ulikuwa umetoka nje, unapungia mahindi, mfereji, ulimwengu mzima, na juu ya mkono huo ilionekana kofia nyekundu ya sufu.

Yuditha alikuwa ameinua mkono wake nusu. Aliushusha.

"Labda wanajaribu tu, Shangazi," Stella alisema. "Labda wanajaribu uzito."

Yuditha alitembea upesi mpaka kiatu kikamvuka, akarudi kukivaa, akaendelea.

Walipofika kiwanjani watu wa kikundi walikuwa wamesimama na kamera zao wakitazama mlimani, ambako ile ndege ilikuwa alama ndogo ya njano chini ya mawingu. Ilikuwa inapita Old Moshi, kama ilivyoahidiwa. Mama mmoja wa kikundi alimwona Yuditha, akaja, akamshika bega kwa huruma. "Afadhali umekuja hata kuangalia, dada." Yuditha hakuelewa, na hakuuliza.

Ndege ilirudi, ikagusa nyasi, ikadunda kidogo, ikasimama. Jesse aliruka chini bila kuzima injini. Alipomwona Yuditha uso wake ulichanua.

"Shikamoo, mama! Pole sana. Primus ameniambia."

"Marahaba. Amekuambia nini?"

"Kwamba unaogopa. Kwamba umeona haya kuniambia mwenyewe. Wala usijali, mama, tuna wanajeshi wanaotetemeka wakiona hizi ndogo." Watu walicheka, kicheko cha upole, cha kumfariji. "Mawingu yameshuka mapema leo, ikabidi tuwahi. Nilitaka kukupigia, Primus akasema tusikusumbue, huji. Nikamwambia basi panda wewe." Akatazama mlima, akatazama saa. "Sasa lazima niondoke, wananisubiri watu wa uhamiaji kwenye uwanja mkubwa, na haya mawingu hayanipi nafasi. Asante kwa mabawa, mama. Yanaruka kama yametoka kiwandani jana."

Neno moja lingetosha. Stella alilisubiri litoke kinywani mwa shangazi yake: si kweli. Yuditha alikuwa anamtazama Primus, na Primus alikuwa ameinama anahangaika na mkanda wa kiti cha nyuma kana kwamba mkanda ule una matatizo makubwa. Lile neno halikuja. Basi Stella, ambaye darasani hulazimika kukohoa ili asikike, akasema mwenyewe, "Shangazi haogopi! Ameshona na koti!" Lakini Jesse alikuwa ameshapanda, injini ikapandisha, na maneno yakaenda na vumbi.

Ndege ya njano iliruka kuelekea magharibi. Yuditha aliifuata kwa macho hadi haikuonekana, kisha kwa masikio hadi haikusikika. Wenye kamera walianza kupeana mikono na kutazamana picha.

Primus alikuja na kofia mkononi.

"Fundi. Ilikuwa ghafla."

"Simu yangu iko hewani tangu alfajiri, Mangi."

"Nilikufikiria wewe. Nilisema, akifika hapa mbele za watu akashindwa, ataona aibu."

Yuditha akauliza swali ambalo Stella hakulitarajia, na aliliuliza kwa sauti ile ile ya siku zote za kukaa juu ya nyasi.

"Kule juu kukoje?"

Na Primus hakuweza kujizuia. Uso ulimwaka. "We! Fundi! Kihamba chako kinaonekana chote, kijani tupu, bati lako linametameta. Nimemwona hadi Gladys, kadogo namna hii, anaanika nguo. Na mlima, Fundi, ule mlima unakuja dirishani kama..." Akakatiza. Akaivaa kofia, akaivua tena.

"Stella," Yuditha alisema, "twende nyumbani."

Chupa ya chai waliirudisha ikiwa imejaa.

Habari zilipanda mlimani upesi kuliko wao. Yuditha kumbe mwoga! Miaka yote hiyo shingo juu, ameitwa kwenye ndege kaingia mitini. Kwaya ya kanisa ilicheka. Wanafunzi wa Stella walimuuliza kama ni kweli shangazi yake alijifungia chooni. Yuditha alicheka pamoja nao wote, akakubali utani, hata akaongeza wake. Lakini hakuteremka tena kule kiwanjani. Majani ya Dakota aliyatafuta kwingine, mbali zaidi na mabaya zaidi, na ng'ombe akapunguza maziwa. Simu ya Primus ilipoita, aliiacha iite hadi ichoke.

Ndipo Jumapili moja mchana, baada ya ibada, Gladys akiwa amekuja kuomba uzi, Primus akatokea. Hakupiga hodi. Alisimama kwenye mwingilio wa kihamba, kofia ameiweka mfukoni, na mikononi mwake, kwa mikono yote miwili, alishika jani la isale lililokunjwa fundo.

Gladys alishusha pumzi. "Mh. Ameleta isale."

Hakuna Mchaga asiyejua maana yake, awe wa kanisa lipi. Aliyekukosea akija na jani hilo amejishusha mpaka chini, na wewe uliyekosewa huna ruhusa ya kumwacha amesimama nalo. Unaweza kuchelewa kulipokea. Huwezi kulikataa. Wapo waliolikataa, na ukoo wao hutajwa kwa kunong'ona.

"Dada Yuditha," Primus alisema. Hakumwita Fundi. "Nimekukosea. Nilikitamani kile kiti. Ile ndege nimeilinda miaka yote, hakuna aliyeniuliza kama nami natamani kupanda. Nikamdanganya Jesse. Nilimwambia unaogopa, na ulikuwa uongo mtupu. Hujawahi kuogopa. Mama Gladys, wewe ni shahidi, nasema mbele yako. Nilisema uongo."

Yuditha alibaki amesimama mlangoni kwa muda mrefu hadi Gladys akaanza kuhangaika.

"Yuditha. Mpokee, jamani."

Alishuka ngazi, akavuka uwanja, akalipokea lile jani kwa mikono miwili.

"Nimepokea," alisema.

"Aika," Primus alishukuru kwa Kichaga. "Aika sana." Macho yake yalikuwa mekundu. Alisubiri kidogo, labda akaribishwe kukaa, na alipoona hakaribishwi, akaaga, akashuka njia ya mfongo, kando ya mfereji wa maji, akijifuta kwa kofia.

Gladys alikuwa ameshasahau uzi. "Haya, yamekwisha! Kumbe uongo! Na mimi nilikuwa nakucheka, shoga yangu, nisamehe na mimi. Ngoja niwaambie wale wa kwaya." Akaondoka karibu mbio. Kabla jua halijazama mtaa mzima ungejua kwamba Yuditha hakuwa mwoga, kwamba Primus alimsingizia, na kwamba amekuja mwenyewe kuungama.

Stella alifurahi. Kwa hesabu yake, kila kitu kilikuwa kimerudi mahali pake: aliyedanganya amekiri, aliyesingiziwa amesafishwa, jani limepokelewa. Alichemsha chai apeleke ndani. Alimkuta shangazi yake amekaa mbele ya cherehani, jani la isale liko juu ya meza, miguu haijagusa pedali. Hakuonekana kama mtu aliyesafishwa. Alikuwa amejikunyata, mikono ameibana kati ya magoti, kama alivyokuwa kwenye bodaboda siku ile wakirudi, ila leo vibaya zaidi.

Stella aliweka kikombe. Tangu ahamie pale hakuwa amemuuliza shangazi yake jambo lolote la ndani. Wala uchumba, wala upweke, wala ile siku ya mahindi. Alikuwa mtu wa kungoja aambiwe. Lakini sasa aliyakumbuka maneno ya Primus na namna Yuditha alivyoyasikiliza, na akaona kwamba kila Primus aliporudia neno uongo, shangazi yake alizidi kukunja uso.

"Shangazi," alisema, "kwani kweli ulikuwa unaogopa?"

Yuditha alimtazama.

"Ndiyo. Niliogopa sana, na ningepanda hivyo hivyo. Nilimwambia Primus peke yake, nyuma ya lile bawa."